Jiwe la Kuegemea

Mwaka wa 1937, Msabaha, mkata mkonge, alikuwa akirudi kwao Mkange na mwiba kisiginoni. Akaegemea lile jiwe refu lililosimama peke yake kondeni, lililosimikwa na watu ambao hata mababu hawakuwakuta, akauchomoa mwiba. Alipoinuka, uchovu wake wa siku nzima ulikuwa umebaki jiweni. Akafika nyumbani, akachukua jembe, akapalilia muhogo hadi magharibi.

"Kwani leo hukwenda kazini?" mkewe Adija alimuuliza.

"Nimekwenda. Nimeegemea jiwe."

"Basi kesho na mimi nitalipitia," alisema Adija, aliyekuwa akianika katani, nyuzi za mkonge, katika shamba lilelile alilofanya kazi mumewe.

Baada ya wiki mbili wafanyakazi wote walikuwa wakipanga foleni. Mtu anaegemea kidogo, anasema ahsante, anampisha mwenziwe. Jiwe likaanza kuinama mabega.

Mnyapara Mbaruku aliona watu wanakuja asubuhi wazima kama waliotoka likizo. Akampasha habari mwenye shamba. Kazi ya siku, iliyokuwa matita sabini ya majani ya mkonge, ikawa matita mia.

Mwezi wa Rajabu jiwe lilipiga magoti. Adija alilipelekea maji kwa kata.

"Pole na kazi," aliliambia. Jiwe likayanywa.

Msabaha akamwendea mnyapara. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jiwe limechoka. Turudishieni matita yetu sabini."

"Jiwe halina kadi ya kipande cha kazi," alijibu Mbaruku. "Wewe unayo."

Tangu hapo Msabaha akawa analipita bila kuligusa. Mgongo ulimuuma hata akashindwa kurukuu. Siku ya nne aliliomba radhi, akaegemea.

Kesho yake, Ijumaa, jiwe lilikuwa limelala chini. Wanaume walichimba, wakaliweka kwa ubavu wa kulia, uso kibla, wakalifukia. Hakuna aliyelia.

"Nimelimaliza mimi," alisema Msabaha.

"Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni," alisema Adija.

Jumamosi matita yalikuwa mia. Jioni mume na mke walikaa palepale kondeni, wakaegemeana mgongo kwa mgongo. Uchovu wa Adija ukamwingia Msabaha, na wa Msabaha ukamwingia Adija. Walipoona giza linaingia waliinuka, wakaenda kupika.