Mstari Nilioutia kwenye Seva

Kwa miaka kumi na mmoja Mongi alipuliza mchanga kwenye jinzi mpya, ili vijana wa Ulaya wazivae zikiwa zimekwisha kuchakaa. Barakoa hakupewa. Sasa vumbi lile limemjaa mapafuni, na wakubwa wa kiwanda wanaapa kwamba barakoa zilikuwepo, ila watu walikataa kuzivaa. Waongo wakubwa! Sijasahau hata siku moja ya mambo yao, na kutosahau kwangu ndiko kulikomponza Mongi.

Hapa Ksar Hellal, mji wa viwanda vya nguo, mimi ndiye ninayeendesha seva ya barua pepe ya chama chetu cha wafanyakazi. Sikusomea, nilijifunza kwa kukosea. Tawi la Sousse lilipojiunga nasi lilikuja na kanzidata yake ya majina, ya aina nyingine kabisa na yetu, nikaiunganisha seva na zote mbili. Barua ikiingia, seva inauliza kwetu kwanza: mtu huyu yupo? Akikosekana, inauliza Sousse. Akikosekana na huko, inamjibu mwandishi kwamba hakuna mtu kama huyo. Kila kanzidata ina namna yake ya kuulizwa, kwa hiyo swali nililiandika mara mbili. Katika lile la kwetu nikaongeza mstari mmoja: isipokuwa waliotia saini.

Yaani wale thelathini na mmoja waliotia saini karatasi ya mwajiri mwaka wa mgomo, wakarudi kazini sisi tukiwa barabarani. Sikuhitaji orodha, niliwaandika kwa kichwa. Sikumwambia mtu. Nilifurahi sana siku ile.

Mmoja wao alikuwa Abdelwaheb, msimamizi wa chumba cha mchanga. Wiki moja baada ya Mongi kushindwa na kiwanda mahakamani, akaingia ofisini kwetu na vumbi la safari.

"Salaam, Lamjed. Bado umenuna?"

"Umepotea njia. Ofisi ya mwajiri iko ule upande."

"Achana na habari za mwajiri. Kesi ya Mongi ni lini?"

"Imekwisha. Wakili Rafika alikuwa na shahidi mmoja tu, naye akaingia mitini."

Akakaa bila kukaribishwa. "Shahidi huyo ni mimi, bwana. Nilimwandikia Rafika kwa anwani yangu ya chama. Nikamwambia daftari la stoo ninalo, barakoa hazikununuliwa hata moja, anitajie siku tu nitoke Medenine ninakoishi. Kila asubuhi nafungua sanduku, tupu. Nikadhani Mongi amenikataa. Nisingemlaumu."

Nikageukia kompyuta ili asinione uso. Mtu akifungua sanduku lake au akituma, seva huuliza swali jingine, na lile sikulitia mstari wangu. Kupokea ndiko nilikokufunga. Kumbukumbu za seva zilikuwa wazi: Rafika alimwandikia mara tatu, na mara tatu akajibiwa hakuna mtu kama huyo. Akaamini shahidi wake amejifuta.

Ningeweza kusema mtandao ulikuwa mbovu. Nani angejua? Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka kusema hivyo, kisha nikamwambia.

"Umenifungia miaka saba?" akauliza.

"Saba."

"Mke wangu alikuwa hospitali, Lamjed, mtoto amekwama. Nilitia saini kwa sababu hiyo. Hukuniuliza."

Kuufuta mstari hakukuchukua hata dakika. Lakini seva haihifadhi inachokikataa. Na kumbukumbu zinarudi nyuma wiki nne tu; nani mwingine aliandikiwa, na kwa shida gani, sitajua kamwe.

Jioni ile nilikwenda kwa Mongi. Alikuwa ameegemea mito, mrija wa hewa puani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Abdelwaheb hakukimbia?"

"Hakukimbia."

Akatabasamu, wallahi, kama mtu aliyeletewa habari njema. "Mwambie aje. Nimemchukia bure wiki nzima."

Mkewe, Dalenda, ndiye aliyenisindikiza mlangoni. "Kiwanda tulijua ni adui," akasema. "Wewe tulikufungulia mlango." Akaufunga.

Rafika amekata rufaa, akiwa na daftari la Abdelwaheb mkononi. Anasema itasikilizwa baada ya miaka miwili, pengine mitatu. Daktari wa Mongi anahesabu kwa miezi.