Nyumba Isiyoitwa

Ngo… upawa kwenye mfuniko wa sufuria, mara moja tu, nje ya mlango wake, na Aneth, aliyekuwa amekaa kitandani gizani na kanga mabegani, akabana pumzi kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu wamefika, sufuria la mtaa limefika, na harufu imetangulia, makande ya nazi, maharage yaliyolainika hadi kupasuka, na tumbo lake halijapata kitu tangu uji wa jana, mweupe, bila sukari, halafu hilo ngo, ngo, mbona kwingine hawagongi, kwingine wanaita, amewasikia sasa hivi wakipanda na kichochoro, kwa Mama Naila, leteni bakuli, kwa Mama Hussen, mwamsheni babu ale, kila mlango na jina la mtoto wake, ila wakifika hapa sauti zinashuka, upawa ndio unaomwita, kana kwamba humu ndani hajawahi kuishi mtu aliyezaa… "Bibie," huyo ni Rahma, jirani wa ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa Kisarawe asiyejua kunong'ona, "bibie, fungua, yanapoa," na sauti ya pili, ya Marselina, yule aliyehamia chumba cha kona, "Labda kalala," "Kalala saa mbili hii? Hata kuku wangu wako macho," wakacheka, na Aneth naye nusura acheke, akajiziba mdomo kwa kanga, maana Rahma ana utani huo huo tangu walipoanza, wao wawili tu, mwaka ule mvua zilipogoma na mahindi yakanyaukia shambani, Rahma akasema kila nyumba itoe kiganja kimoja cha nafaka kabla ya kupika, wapikiwe wasio nacho, kiganja tu, nani atakiona kimepungua, na Aneth akatoa sufuria, hili hili lililoko nje, lililobonyea ubavuni, alilopewa na mama yake Tukuyu siku ya kuolewa, nani angedhani, sufuria lako likurudie mlangoni limejaa vya wenzako, na wewe, vibarua vya kupalilia vimekwisha, huna hata kiganja cha kutia… wakati ule alitia viwili, chake na cha mwanawe, kijana alikuwa na kazi, akifyatua matofali Mlandizi, akirudi na udongo hadi kwenye nyusi, akila maharage yote kwanza na kuyaacha mahindi upande, mama, mahindi nayatunza, anatunza nini huyu mtoto, mpaka asubuhi ile alipoingia kuchimba, kuta za shimo zimelowa mvua ya usiku, wakamrudisha mchana juu ya mlango uliong'olewa, amefunikwa kanga ya mtu asiyemjua… mchungaji alilisoma jina makaburini, basi, tangu pale mtaa mzima ukalifungia, kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, siku ya tatu Rahma alikuja akasema Mama…, akauma ulimi, akamalizia, umeamkaje jirani, na Aneth alishukuru, kweli alishukuru, jina lingemchana siku ile, wengine nao wakafuata, jirani, bibie, mama, wewe, mpaka sokoni Maili Moja, mwaka mzima, na hilo Aneth ni la kwenye kitambulisho, nani analijua hapa Picha ya Ndege, hata yeye akisali husema yule, mkumbuke yule, kana kwamba Mungu naye anatakiwa kukisia… "Tumwachie mlangoni?" "Na mbwa je?" "Basi mwite vizuri, siyo bibie, bibie, kama unamuuzia mitumba," "Haya, mwite wewe mwenye sauti ya kwaya," "Nimwite Mama nani?" Aneth ameshasimama, sakafu baridi chini ya nyayo, hatua, nyingine, mkono ukalipata komeo usilifungue, "Mwite jirani," "Majirani tuko wangapi, Rahma? Nakuuliza jina la mtoto wake," "Shii, punguza sauti," "Kwani ana mtoto?"… kwani ana mtoto, aliuliza hivyo, wala si kwa ubaya, Marselina anakaa hapa tangu masika, wanapanga ndoo bombani bega kwa bega, wameazimana chumvi, na hajui, hajui kwamba kwenye chumba hiki alilala mtu, akikoroma, miguu ikizidi kitanda, akipiga mluzi bafuni mpaka wapangaji wakagomba, hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia, na nani angemwambia, ikiwa mama mwenyewe anamwita yule, Aneth alidhani wanamtunza kwa kumnyamazia, kumbe wanamzika tena, taratibu, kwa adabu, na yeye ndiye aliyeshika koleo, leo Marselina hajui, kesho atahamia mwingine naye hatajua, Rahma atazeeka arudi kwao Kisarawe, halafu itakuwa ni nyumba ya bibie tu, bibie asiye na mtu… "Haya twende, tutampitia kesho," mfuniko ukarudishwa, sufuria likanyanyuliwa, kandambili zikaanza kugeuka kwenye mchanga, na Aneth, paji la uso kwenye mbao, komeo bado limefungwa, akalitafuta jina kooni, hakuwa na hakika kama bado linakaa humo, likawa zito, likawa kavu, likachana kweli, lakini lilikuwepo, lote, "Rahma," alisema, "rudini, hapa ni kwa Mama Ambokile."