Kiti cha Kurudi

Mume wangu Bedri hupanga safari ya Kosovo kama jenerali anayekwenda vitani. Mwezi wa pili, theluji bado iko dirishani hapa Winterthur, yeye keshatandaza ramani juu ya meza ya jikoni, kavaa miwani, anabishana na kila anayepita. Familia zote za kwetu zilizoko Uswisi ziko hivyo. Mwaka mzima tunafanya kazi, kiangazi kikifika tunapakia gari hadi juu ya paa na kuvuka milima, twende tukakae majuma matatu kwenye majumba tuliyojijengea na ambayo hakuna anayeishi ndani. La kwetu liko Gjakova. Lina ghorofa tatu na roshani nne, na mpangaji wake ni upepo.

Mwaka huu safari ilikuwa na uzito wake. Mwanangu Valon alikuwa anamwoa Edona, msichana wa Gjakova, na bi harusi angerudi nasi. Gari letu lina viti saba. Kwenda tulikuwa mimi na Bedri, Valon, binti yangu Lirije na watoto wake wawili, na mama mkwe wangu Sanije. Kurudi, tungekuwa hao hao na Edona. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza, na mama mkwe hakuwa wa chekechea.

Jioni moja Bedri alikuwa amepanga vipande vya sukari juu ya ramani kuonyesha nani angekaa wapi. Siku ya kwanza tungepita Innsbruck, tuvuke Alpi, tulale Ljubljana. Ya pili tungelala Sarajevo. Ya tatu tungepanda milima ya Montenegro mpaka kileleni penye forodha, kisha tushuke Peja na kufika nyumbani. Valon alitaka barabara ya Serbia, ambayo haina kona nyingi. Baba yake akamwambia foleni ya mpaka wa kule itamzeesha kabla hajaoa, na tena daktari alisema bibi anyooshe miguu mara kwa mara, na milimani kuna pa kusimama. Wote wakaanza kuijadili miguu ya bibi kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona siku za kuikanda.

Mama mkwe alikuwa ameegemea kipasha joto. Akanyoosha kidole kwenye sukari.

"Na kurudi, mimi ni kipande kipi?"

Bedri akavua miwani. "Hicho hicho, mama. Nyuma yangu, dirishani."

"Na bi harusi?"

"Tutabanana."

"Polisi wa Austria hawajui kubanana," akasema. "Bedri, mwanangu, Gjakova nina nani? Niliowajua wote wamelala makaburini. Hapa nina vitukuu, nina kitanda chenye joto, nina Mtaliano wangu wa kucheza naye karata. Usiniache kwenye ile saruji."

Bedri akambusu mkono, akasema mwana gani anamwacha mama yake. Uongo mtupu. Chumbani tulikuwa tumeshakata shauri: chumba cha mama mkwe kingekuwa cha maharusi, na kule Gjakova mjane wa binamu yake Bedri angekuja asubuhi kumpikia na kumwashia jiko. Bedri alilia kidogo usiku ule tulipokubaliana, kisha akalala fofofo. Kazi ya kulitekeleza akaniachia mimi.

Na mimi sikuona tabu. Nilipoingia nyumba ya Sanije kama bi harusi, desturi ilinitaka nisimame mbele ya wageni, mikono nimeikunja tumboni, mpaka mama mkwe aseme keti. Akina mama wengine husema keti baada ya kahawa ya kwanza. Yeye hakusema. Nilisimama wageni wakija na kutoka, nikasimama na mimba ya Lirije, miguu imevimba hadi viatu vinakatika, na siku niliyoanguka aliwaambia wageni kwamba wasichana wa ukoo wangu ni wavivu. Mpaka leo ananiita bi harusi, nami nina wajukuu. Kwa hiyo nilipoketi mbele ya ramani ile, niliketi vizuri.

Nikawaambia wote kwamba baada ya harusi ukumbini, Valon na Edona waende hotelini, na asubuhi ya safari ya kurudi ndipo Edona aletwe nyumbani kuingizwa rasmi. Kwetu bi harusi hupokewa mlangoni na mwanamke mkubwa wa nyumba: anamchovya vidole kwenye asali, anamwelekeza aipake juu ya kizingiti, kisha anamwongoza ndani na kukaa naye kupokea majirani. Bedri aliuliza kwa nini asubuhi ile ile ya kuondoka. Nikamtazama tu. Alipoelewa, akaanza kurudisha sukari kwenye kopo.

Safarini mama mkwe alikuwa mwema kiasi cha kunitia wasiwasi. Aligawa chapati za tabaka alizopika mwenyewe, akawasimulia vitukuu habari za mbwa mwitu wa milimani. Kileleni, tulipokuwa tunangoja forodha, aliniomba nimshike mkono ateremke anyooshe miguu. Tukasimama kwenye baridi, mawingu yako chini yetu.

"Bi harusi," akaniambia, "ningekuwa wewe, ningefanya haya haya. Ila nisingemtuma mume wangu adanganye. Ningesema mwenyewe."

Nikamwambia anywe chai, inapoa. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Harusi ilifana. Asubuhi ya kuondoka niliamka mapema, na yeye alikuwa ameniwahi. Alikuwa ndani ya gari, nyuma ya kiti cha dereva, dirishani, mkanda ameufunga, mkoba uko mapajani. Bedri alikuwa amesimama uani na funguo mkononi kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Akanong'ona kwamba hawezi kumvuta mama yake kwa nguvu mbele ya watu. Nikamwambia hakuna atakayemvuta.

Majirani walikuwa wameanza kujaa getini, akina mama na vigelegele vyao. Gari la Valon la kukodi likafika, Edona ndani yake na shela lake. Nikainama kwenye dirisha la mama mkwe.

"Mama, bi harusi amefika. Nani anasimama mlangoni?"

"Wewe. Ni mkwe wako."

"Mkubwa wa nyumba yuko hai, nisimame mimi? Watu watasemaje? Au niwatangazie kwamba Sanije amekataa kumpokea mke wa mjukuu wake?"

Alijua. Naapa alijua kila kitu, hadi mlango tutakaotokea.

"Usinifanyie hivi," akasema kwa sauti ya chini, ili wa getini wasisikie.

"Wanakungoja, mama."

Aliwatazama wale akina mama, wote wamegeuka kumwangalia. Maisha yake yote alikuwa amewasimamisha watu kwa desturi ile. Akafungua mkanda. Mkoba akauacha juu ya kiti, umshikie nafasi.

Alimpokea Edona kama malkia. Akamchovya vidole, akamwinua mkono hadi kizingitini, akamwongoza ndani hadi chumba kikubwa, na vigelegele vikapasua paa. Edona akambusu mkono. Mimi nilichukua mkoba garini nikampa yule mjane jikoni. Kisha Valon akaingia, akasema anamhitaji mkewe mara moja kwa picha, akamtoa kwa mlango wa jikoni. Lirije na watoto walikuwa wamekaa tayari. Lirije alikuwa analia, nikamwambia anyamaze, atawatisha watoto. Edona akasukumwa kwenye kiti cha dirishani, shela likabanwa na mlango.

"Bibi hatumuagi?" akauliza. Bedri akawasha gari.

Tulipotoka getini mama mkwe alitokea kizingitini. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisimama tu, mkono wake wa kulia ameuinua mbali na gauni, maana ulikuwa umejaa asali na hakuwa na pa kuufutia.

Bedri alishika usukani kwa mikono miwili, hakuthubutu kutazama kioo.

"Amepunga?" akaniuliza.

"Amepunga," nikamwambia. "Endesha."