Palizi ya Lunyo

Nilienda Lunyo siku ile kuaga. Uzamivu ulikuwa umenishinda kabla haujaanza vizuri. Kila asubuhi pale Tororo nilifungua makala za watu, nikasoma ukurasa uleule mpaka nikasinzia, na msimamizi wangu, Dakta Edeku, aliponiuliza, "Rukiyah, wewe mwenyewe unataka kujua nini?" nilitazama dari. Sikutaka kujua chochote. Baba ana malori mpakani Busia, na kazi ya ofisini kwake ilikuwa inanisubiri.

Kwa hiyo nilikwenda kumwambia Mama Ojiambo achukue shamba lake apande maharagwe. Alikuwa amenipa kipande, nikapanda aina kadhaa za mtama, kila aina mistari miwili, nikaacha kayongo tu ijiotee. Kayongo ni gugu la maua ya zambarau linalonyonya mtama mizizini, nami nilitakiwa kuhesabu ni aina gani inanyonywa zaidi. Nilimwonya asiguse hata jani.

Nilikuta shamba safi, mtama peke yake. Akina mama wa kikundi cha palizi walikuwa wanaimba, jasho linawatoka, na Mama Ojiambo ameshika kiberiti cha kuchomea magugu.

"Karibu, mwanangu!" aliita kwa furaha. "Leo sisi nalima yako!"

"Mama, si nilisema msiguse?"

"Ulisema. Mimi nawaza, huyu mtoto naona haya kuomba."

Huku shamba likimezwa na magugu, watu hujua mwenyewe anaumwa au amefiwa, na kikundi huja bila kuitwa. Nililijua hilo, na bado hasira zilinipanda hadi mtandio ukaniteleza. "Msiwashe! Mmeniharibia msimu mzima!" Nikaangua kilio, mimi niliyekuja kulitupa shamba lenyewe. Amuge, mdogo wao wote, akaanza kulia nami bila kujua tunamlilia nani.

Ndipo nikaona marundo. Katika palizi ya pamoja kila mama hupewa mstari wake, na magugu yake huyarundika mwanzoni mwa mstari ili mwenyekiti akague nani mvivu. Kila rundo lilikuwa mahali pake, na hesabu yangu ilikuwa bado humo. Tukakaa chini tukahesabu mashina ya kayongo, machozi yakaishia kwenye vicheko.

Rundo la Amuge lilikuwa dogo, la kujaa kiganja tu. Wenzake wakamzomea.

"Haki ya Mungu, mimi nang'oa yote!"

Nikakimbilia mstari mwingine wenye mtama kama ule, upande wa pili wa shamba. Ulikuwa wa Norah, na hakuna mtu Lunyo anayeweza kumwita Norah mvivu. Rundo lake pia lilikuwa la kiganja.

"Kwa nini?" nilisema kwa sauti. Mtama huu unaikataaje kayongo? Nilipiga magoti nikaanza kufukua mizizi kwa vidole, nimesahau hata chai niliyowekewa. Nilitaka kujua. Nilitaka kujua kuliko kitu chochote, na nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Akina mama walipoondoka, Mama Ojiambo alinikung'uta vumbi mgongoni. "Lakini leo wewe nakuja kusema nini?"

"Nilikuja kuomba shamba la msimu ujao, Mama."

"Na gugu yake?"

"Na gugu lake lote."

Alitazama njiani, wanakopita majirani, akaguna. "Watu nasema sisi wavivu," alisema. "Haya. Chukua."