Watoto wa Chura mu Beseni Yangu

Mu maisha yangu sijachukia munyama yoyote wa Mungu, hata panya, lakini wale watoto wa chura niliwachukia. Walikuwa mu beseni yangu ya kufulia, ile ya buluu, kitu pekee nilichotoka nacho Walikale juu ya kichwa. Bwana yangu Floribert aliijaza maji ya kinamasi, akaiweka nyuma ya nyumba kwenye kivuli, na kila asubuhi alikaa pale juu ya kiti kidogo, magongo yake yameegemea ukuta, anaangalia. Miye nikawa nafulia mu sufuria ya bugali. Muniambie, mwanamuke gani atavumilia ile?

Mguu wake wa kuume hauko, kuanzia chini ya goti. Risasi ilimupata siku tulikimbia, na waganga wa hospitali ya Kirotshe walisema ni kukata ao kufa. Mutoto yetu Mapendo alikuwa amelala kwa mama yangu siku ile, na njia ikafungika nyuma yetu. Tukafika huku Kirolirwe, tukapata nyumba na kashamba ka viazi kwa watu wazuri. Sasa njia imefunguka, lakini miaka mitatu imepita. Mapendo alikuwa na mine, leo iko na saba. Mama ananitumia sauti yake mu telefone, na ile sauti inabadilika kila mwezi. Ninaisikiliza nikipalilia, ninairudia mpaka telefone inazimika.

Ninamutamani mutoto yangu, nisifiche. Ninatamani harufu ya kichwa chake. Ninatamani jikoni ya mama, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese ya kweli, joto ya pori. Huku ni baridi na ng'ombe, ng'ombe na baridi. Bwana yangu, Papa Mapendo, naye anatamani kunipita, sababu mu usingizi anaita miti ya kwetu kwa majina. Lakini kila nikisema twende, jibu yake ni moja: alitoka kule muwindaji, hatarudi kule mutoto yake amuone anabebwa.

Kuna wale wa mguu wa plastiki. Wanafika Kirotshe mara moja kwa mwaka, wanapima, wanatengeneza, wanaenda zao. Mwaka jana alikataa. Mwaka huu niliandikisha jina yake bila kumuuliza, akapewa siku ya Alhamisi. Alipojua alininunia siku mbili nzima, kisha akasema ule ni ukuni tu, na muntu hatembei na ukuni mu pori.

Mambo ya beseni ilianza na wimbo. Kwenye dimbwi ng'ombe wanakunywa kuna vichaka, na mu masika vyura wa miti, wale wadogo wa kijani wenye vidole vya kunata, waliimba sawasawa na kwetu. Akajikokota na magongo mpaka kule. Akakuta mayai yao yamegandamana juu ya jani, juu kidogo ya maji, akakata lile jani akaleta. Nilifikiri anataka kusikia sauti ya nyumbani. Nikasema basi, acha bwana yangu apate furaha hata ya chura.

Lakini siku moja kuku ya jirani ilidonoa mutoto mumoja wa chura, mukia ukakatika. Kisha siku kumi na kitu, mukia ukaota tena, muzima, kama haukukatika hata siku moja. Tangu pale Papa Mapendo akawa muntu mwingine. Alichukua kisu changu cha sombe akaanza kuwakata mikia yeye mwenyewe, mumoja mumoja, na kuhesabu siku. Hakuniambia anatafuta nini. Nani hakuona? Alikuwa anakata, anaangalia mukia, kisha anaangalia suruali yake pale imefungwa fundo.

Juma ileile tulikuwa na kampeni ya vitamini. Miye ninasaidia santre ya afya, ninapita nyumba kwa nyumba na vile vidonge laini vyenye mafuta ndani. Unakata ncha na makasi, unakamulia mutoto mu kinywa, unaenda nyumba ingine. Jioni nilirudi na miguu imevimba, nikakuta kisu changu kinanuka kinamasi na bwana hajamenya hata kiazi kimoja. Hasira ikanipanda. Nilichukua makasi na kikombe cha maganda ya vile vidonge, yote inateleza mafuta, nikasuuza yote mu beseni yake. Kesho yake nikafanya vilevile, na kesho kutwa pia. Nilitaka wafe. Ninasema ukweli, nilitaka wafe wote ili anione miye.

Hawakufa. Nyuma ya juma tatu aliniita, na sauti yake haikuwa ya siku zote.

"Mama Mapendo, kuja uone. Niliwakata mikia. Wameota miguu."

Nikainama. Ni kweli. Pale mukia ulikatwa, kwenye wengine kadhaa, kulikuwa miguu midogo miwili, myembamba kama uzi, na vidole vyake. Papa Mapendo alikuwa analia. Akashika mukono yangu akaukaza kwenye shavu yake, kitu hajafanya tangu Kirotshe, na miye mupumbavu nikaacha anishike. Kisha akasema Alhamisi inayokuja haendi Kirotshe. Kama Mungu anaotesha mguu hata kwenye mukia, yeye atangoja wake.

Hiyo ilikuwa Siku ya Mungu. Jumatatu nilienda mbio kwa Mama Mukandori, muganga wa santre, nikamutubia yote kama kwa padri. Hakucheka. Alisema alisoma jambo hilo zamani shuleni: mafuta ya ile dawa inachanganya mwili wa mutoto wa chura, mahali alitaka kuota mukia anaota miguu. Lakini ni yule bado anajijenga. Chura aliyekomaa haoti kitu, na muntu akiinywa mingi itamuharibia maini tu. Nilirudi polepole kando ya malisho, ninajiuliza nitaanza na neno gani.

Nilimuambia Jumanne, tumekaa wote wawili kando ya beseni. Nilimuambia mafuta, makasi, hasira yangu, na maneno ya Mama Mukandori. Nilifikiri atanitukana, na ningefurahi. Lakini alisema polepole kwamba basi dawa iko, tena iko mu mikono ya bibi yake, sasa niilete. Nikaona kwamba maneno hayamuingii, na Alhamisi inatuponyoka.

Kulikuwa na chura mumoja amekwisha kukomaa, mukia wake umenywea wenyewe, amekaa juu ya ukingo wa beseni na miguu yake mine. Nilimushika, nikamuweka mu kiganja cha bwana yangu. Nikamupa makasi.

"Huyu amemaliza kuota, kama weye. Mukate mguu. Nitamupaka mafuta yote unataka. Ukiota, sitataja Alhamisi tena mu nyumba hii."

Alifungua makasi. Yule chura alikuwa amenata na vidole vyake kwenye kidole gumba cha Papa Mapendo, koo inapiga, hana habari. Makasi ikangoja, ikajifunga, ikafunguka tena. Kisha bwana yangu akaangalia mu maji, kwa wale wa miguu ya ajabu. Hawakuwa na mukia wa kuwasukuma, na ile miguu iliwavuta upande. Walikuwa wanazunguka mahali pamoja, tangu asubuhi walikuwa wanazunguka.

"Hautaota," alisema.

Mambo hiyo alikuwa anajua tangu zamani, na miye nilikuwa nimemulazimisha aitoe na kinywa chake. Niliona haya sana. Alimuweka chura juu ya jani, akaniomba nimupe magongo, na tukaenda wote kwenye dimbwi, miye na beseni juu ya kichwa, yeye nyuma. Alimwaga mwenyewe.

Jumatano nilifua suruali yake mu beseni yangu. Alhamisi asubuhi nilikuta ameivaa, amekaa kwenye mulango anangoja moto, ile pikipiki ya kututelemusha.

Kule Kirotshe fundi wa miguu alikuwa dada mumoja, Aurélie, wa maneno machache. Alipima mguu muzima, akapima kipande, akaandika. Kisha akamuuliza bwana yangu atatembelea udongo wa namna gani, sababu mguu wa mujini na mguu wa kijijini si moja. Papa Mapendo aliniangalia kwanza.

"Matope," alisema. "Na mizizi mingi. Njia ya kwetu Walikale. Tena unitengenezee mguu unaweza kufuata mutoto, sababu wangu nimesikia anakimbia sana."

Nilitoka inje kumutumia Mapendo sauti. Nilibonyeza telefone, nikafungua kinywa, hakuna neno lililotoka. Nikatuma vilevile. Jibu ilifika mbiombio, na ile sauti yake mupya ya miaka saba.

"Mama, hausemi kitu. Rudia."