Mfumo Endeshi Kwenye Maonesho ya Sungura

Burkhardt Gaisser alikasirishwa na herufi moja. Kompyuta za wakati ule, mwaka 1993, zilikubali jina la faili lenye herufi nane tu, na jina lake lina tisa. Kila alipoandika "Burkhardt", mashine iliifyeka ile t ya mwisho.

"Babu yangu alizikwa na hiyo t," aliniambia tukiwa kwenye maabara ya chuo, Karlsruhe. "Mashine ni nani hata iniondolee?"

"Basi jiite Willi, yaishe."

Hakucheka. Jioni hiyohiyo alitangaza mtandaoni kwamba anatafuta watu wa kujitolea waandike mfumo endeshi mpya, yaani ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziamrisha programu nyingine zote. Utakuwa huru: mtu yeyote ataweza kuutumia, kuufungua, kuurekebisha na kumpa jirani yake, bila kulipa chochote.

Walijitokeza wanne. Pamoja na sisi wawili tukawa sita. Burkhardt alitaka tusajiliwe kama chama, na kwetu Ujerumani chama hakisajiliwi bila watu saba. Tulikuwa tumekaa kwenye chumba cha nyuma cha baa kijijini kwao Burkhardt, tunatazamana, mlango ukafunguliwa akaingia Bi Kunkel, mama mpana mwenye majani ya karoti kwenye mikono ya sweta. Chama cha wafuga sungura kilikuwa na zamu ya chumba baada yetu. Usiku uliopita saa za nchi nzima zilikuwa zimerudishwa nyuma, kama kila vuli, yeye akasahau ya kwake, akawahi kwa saa nzima.

"Nyie mnafuga nini?" akauliza.

"Mfumo endeshi," akajibu Burkhardt.

"Ni mkubwa?"

"Bado haupo, mama."

"Kila kitu huanza hivyo. Mmekwama wapi?"

Tulipomwambia tumepungukiwa mtu mmoja, alichukua kalamu akatia sahihi, kisha akaketi. Ikaja kura ya mwenyekiti. Kila mmoja wetu alijipigia mwenyewe, na Bi Kunkel naye akajipigia, kwa adabu tu, ili asiwe tofauti. Raundi ya pili kila mmoja aliona bora hata mfuga sungura kuliko mwenzake. Akapata kura zote saba.

"Sawa," akasema. "Mkutano ni kila Jumatatu. Atakayechelewa ataleta saladi ya viazi."

Miezi ya kwanza tuligombana. Roswitha na Ansgar, waandishi wetu wawili hodari, waliacha kusalimiana kwa sababu mmoja alianza mistari ya programu kwa nafasi mbili tupu na mwingine kwa nafasi nne. Kila mmoja alisubiri mwenzake aondoke, akaifungua kazi aliyoiacha huyo akazisogeza nafasi. Mfumo haukuongezeka hata mstari mmoja, ila ulisogea kushoto na kulia kama mlevi.

Bi Kunkel aliwasikiliza mpaka mwisho. "Hivyo vitu mnavyogombania vinaonekana?"

"Havionekani," akasema Ansgar. "Ni nafasi tupu."

"Mnagombania kitu kisichokuwepo?"

"Kipo, mama! Ila ni kitupu!"

Akawapa adhabu ya kuwalisha sungura wake pamoja, mpaka wapatane. Sungura walinenepa ajabu. Kufikia Krismasi wale wawili walirudi wakiwa wachumba, na nafasi zikawa tatu, jambo ambalo halijamfurahisha mtu yeyote hadi leo.

Majira ya baridi mfumo uliamka kwa mara ya kwanza. Uliuliza jina, Burkhardt akaandika lake, na ukaliandika lote, pamoja na t. Haukujua kufanya jambo lingine lolote duniani. Burkhardt aliitazama skrini akafuta miwani.

"Basi," akasema. "Nimemaliza. Asanteni sana jamani."

"Umemaliza nini?" Bi Kunkel akamkatiza. "Katiba inasema anayejiuzulu atoe taarifa miezi mitatu kabla. Na maonesho ni Oktoba."

"Maonesho gani?"

"Ya sungura. Nimeshawaandikisha."

"Mama, hautakuwa tayari!"

"Hakuna sungura aliyewahi kuniambia yuko tayari."

Tukafanya kazi kama wendawazimu. Oktoba kompyuta yetu iliwekwa juu ya majani makavu, kati ya dume wa kijivu mwenye masikio marefu na jike aliyekuwa na mafua. Jaji, Mzee Dold, alikuja na koti jeupe. Aliinyanyua, akaipima kwenye mizani, akaipapasa mgongoni.

"Dume au jike?"

"Ni mfumo endeshi," akasema Burkhardt.

"Sijauliza aina. Nimeuliza jinsia."

"Haina," akadakia Roswitha.

Mzee Dold akaandika, akasema iamshwe. Ikaamka, ikauliza jina, akaandika Dold, ikamkaribisha, kisha ikazima ghafla. Mzee aliingoja kwa heshima, mikono nyuma, kama anayemngoja mgonjwa ameze dawa. Ilipoamka tena akatikisa kichwa.

"Inasinzia," akasema. "Lakini manyoya ni safi." Akatupa daraja la "nzuri", na kidogo nizimie kwa furaha.

Shida ilianza kwa watazamaji. Mkulima mmoja aliipenda kabisa.

"Bei gani?"

"Bure," akasema Burkhardt kwa fahari.

Mkulima alirudi nyuma. "Bure? Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa! Ni huru!"

"Ya jirani nayo niliambiwa hivyohivyo, ikala bustani yote."

Disketi zetu, zenye nakala za mfumo, zilikaa vilevile mpaka Bi Kunkel alipoingilia kati. Alimshika kila mtu mkono, akambana: "Chukua mmoja. Akizaa, wape majirani. Ukishindwa naye, nirudishie mimi." Zikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Wiki chache baadaye ilikuja barua pepe kutoka Norwei, kwa mtu tusiyemjua, Borghild, daktari wa meno. Mpwa wake alikuwa amepita kwenye maonesho. Amepata chanzo cha ule usingizi, amekirekebisha, na marekebisho ameyaambatanisha. Hakuomba kitu.

Burkhardt alisoma akashindwa kukaa. Alizunguka meza, akatoka nje, akarudi.

"Yeye hatujui," alirudia. "Hajui hata sura zetu, na ametufanyia kazi."

"Amelipa ada?" akauliza Bi Kunkel.

"Mama!"

"Basi mwaka wa kwanza asamehewe. Mwambie aje."

Borghild akaja kweli, kwa treni, na begi la vifaa vya meno aliloogopa kuliacha nyumbani. Burkhardt alimpokea stesheni, wakaanza kubishana kuhusu kumbukumbu ya mashine palepale kwenye jukwaa, mabasi mawili yakaondoka bila wao. Walipofika kwake, Bi Kunkel alimtazama mgeni juu chini, akalionesha begi kwa kidole.

"Mna vifaa vya meno humo? Vizuri sana," akasema, akimfunga aproni. "Njoo huku kwanza, kuna jike hajala tangu jana, meno yamemrefuka."