Pumzi ya Kukausha Dagaa

Ka. Kidonge kilichomoka kwenye karatasi yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na Kemilembe alikimeza kwa kupapasa, kisha akanywa vikombe vitatu vya maji visivyofika popote. Queen, bintiye wa miaka sita, alichora mstari ukutani kwa mkaa. Ilikuwa siku ya kumi na nane.

Nesi Prudencia hakumficha kitu siku alipompa vidonge vya sonona. Kinywa kitakauka, mikono itatetemeka, usingizi utakuwa mzito. Nafuu ndiyo huja nyuma, wiki ya nne, pengine ya sita. "Kwa hiyo usikatishe, mama Queen. Hata ukiona kama unalamba chokaa, usikatishe."

Kinywa kilikauka siku ya tatu. Siku ya tano ukavu ukatoka nje. Alipopumulia kanga mbichi, ilikauka. Masika yalikuwa yamekolea na dagaa walikuwa wakioza ufukwe wote wa ziwa hapo Igombe, basi mama mkwe wake, Ng'washi, akamwambia apite kati ya vichanja vyake vya kuanikia. Kemilembe alipita akipumua tu, mvua ikimnyeshea, na dagaa nyuma yake wakakauka wakawa wanachakacha kama majani makavu ya mgomba.

"Ng'washi, mkamwana wako ni jua!" majirani walipiga kelele.

"Jua langu. Oeni lenu."

Siku ya ishirini, akimsuka Queen, Kemilembe alijikuta akiimba. Nusu ubeti tu. Akanyamaza, asikilize kama ni yeye.

Jioni hiyo Ng'washi alivunja dagaa mmoja, akakuta ana unyevu katikati. Akavunja wa pili. Akaingia ndani, akachukua vidonge, akavifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mbalamwezi inatoka keshokutwa," alisema. "Penye mwezi dagaa hawafuati taa, hakuna wa kuvua. Utameza giza likirudi."

"Mama, nesi amesema nisikatishe. Nilikuwa naanza kupata nafuu."

"Nimeiona. Imeloanisha kichanja kizima."

Kemilembe alimgeukia mumewe. Mihayo alikuwa akishona wavu, na hakuinua macho. "Mama ndiye anayejua mambo ya dagaa," alisema.

Siku kumi za mbalamwezi zilipita. Kichwa kilimpiga kama radi ndogondogo, kisha mate yakarudi kinywani na machozi yakapata njia. Alilala akiangalia ukuta. Queen alimletea uji, akaurudisha ukiwa umeganda.

Miezi miwili iliyofuata ikawa hivyohivyo. Kliniki, nesi Prudencia alifungua kadi. "Umefika wiki ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Mwezi uliopita pia ulisema ya tatu. Na mwezi wa kabla yake."

"Ndiyo, dada. Ya tatu huwa naifikia."

Nesi aliandika *wiki ya tatu*, akampa karatasi nyingine za vidonge. Ng'washi alizipokea mlangoni, akamshukuru Mungu.

Giza liliporudi ziwani, taa za wavuvi zikawaka mbali, nyingi, kama mji. Ng'washi alifungua pindo, akampa mkwewe kidonge kimoja na kikombe cha maji, akasimama mpaka kimeshuka.

Queen alilowanisha kitambaa, akafuta mistari yote ukutani, akauchukua mkaa.

"Mama, leo ni siku ya kwanza tena."